Jinsi ya kuuelewa mto wa Mirihi na Titan ukiwa jikoni kwako

Chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, tia changarawe kidogo, mchanga na udongo mwekundu, jaza maji, funga, tikisa sana halafu iweke mezani, usiiguse, washa kamera ya simu. Changarawe inatua hapohapo, mchanga sekunde chache baadaye, ila udongo unabaki umeelea, maji rangi ya chai ya maziwa, hata kesho bado hayajakaa sawa. Ndo kazi ya mto hiyo: mawe yanabiringika chini, mchanga unarukaruka, tope linasafiri juu.

Sasa sayari ya Mirihi (Mars). Uvutano wa kule ni kama 38% ya wetu, na wengi wanadhani basi mto wa kule ulikuwa unabeba majabali kirahisi. Sio hivyo, na hapa ndo napapenda sana: jiwe linakuwa jepesi kweli, lakini maji nayo yanateremka kwa nguvu ndogo kwa kiasi kilekile, kwa hiyo kama kina na mteremko ni sawa, jiwe linaloanza kusogea linakuwa karibu saizi ileile. Kinachobadilika ni kutua. Rudisha video yako uicheze kwa spidi ya 0.4, angalia zile chembe laini tu, hivyo ndivyo zingeshuka Mirihi, taratibu, na mto unapata muda wa kuzipeleka mbali.

Titan, mwezi wa Zohali, ni habari nyingine. Baridi ya nyuzi 179 chini ya sifuri, mito ni ya methani (kwetu ni gesi, kule baridi inaifanya kimiminika) na mawe ni barafu ya maji, ngumu kama mwamba. Utasema barafu si inaelea? Kwenye maji, ndiyo. Tia mafuta ya taa kwenye glasi (mbali na moto tafadhali), dondosha kipande cha barafu, kitazama mpaka chini, na methani ni nyepesi kuliko hata hayo mafuta.

Ukishaona hayo, tafuta picha ya chombo cha Huygens kilichotua Titan tarehe 14 Januari 2005, na zile za 2012 za Curiosity, roboti yenye magurudumu, kutoka kreta (shimo kubwa) ya Gale huko Mirihi. Usiangalie rangi, angalia kingo za mawe. Yaliyochongoka hayajasafiri sana, yaliyolainika yamegongana njiani, na yale ya Gale ni makubwa mno kubebwa na upepo.