Namna ya kula soba Tokyo bila kumwaga mchuzi mezani

Siku ya kwanza kuingia mgahawa wa soba hapa Tokyo nililetewa tambi za kijivu zimelazwa kwenye ungo mdogo wa mianzi juu ya sahani, na pembeni kikombe cha mchuzi mweusi. Nikafanya kama ambavyo ningefanya nyumbani Tanga, nikaumimina mchuzi wote juu ya tambi. Mianzi ina nafasi katikati. Mchuzi ukapita moja kwa moja, ukajaa sahani, ukashuka mezani hadi kwenye suruali yangu. Mama mhudumu akaja na kitambaa na wala hakucheka. Afadhali angecheka.

Baadaye nilipata kibarua cha kuosha vyombo kwenye mgahawa mwingine wa soba, nikadumu miaka miwili. Nilichokiona jikoni ni kwamba soba haisubiri mtu. Huchemshwa dakika moja au mbili, husuuzwa kwa maji baridi, huchujwa, na kuanzia hapo inazidi kuharibika: inakauka, inashikana, harufu inapotea. Taratibu nyingi za migahawa ya soba zinatokana na haraka hiyo.

1. Kabla ya kutoka nyumbani

Soba ni jina la mmea na pia la tambi zake. Mmea huo hauna undugu na ngano, na unga wake hauvutiki, kwa hiyo wapishi wengi huchanganya sehemu 8 za soba na 2 za ngano. Mchanganyiko huo unaitwa nihachi, yaani mbili na nane. Soba tupu ni juwari, yenye harufu nzito zaidi lakini hukatika ovyo. Mgeni aanze na nihachi. Na kama umezoea tambi za sukari na iliki za Ramadhani, hizo ziweke kando kabisa.

Yapo mambo mawili ya kuangalia. Kuna watu ambao soba huwadhuru vibaya sana, kiasi kwamba Japani sheria inalazimisha vyakula vya paketi viandikwe kama vina soba. Ukijijua una tatizo hilo usiingie kabisa, hata kwa kuagiza udon, tambi nene za ngano, kwa sababu mara nyingi huchemshwa sufuria moja na soba, na unga unaruka jikoni kote. La pili ni kwa Mwislamu: mchuzi wa kawaida hupikwa kwa sosi ya soya, sukari na mirin, ambayo ni kilevi kitamu cha mchele. Haionekani wala haiandikwi kwenye menyu, kwa hiyo uliza kwanza.

Nenda mapema. Migahawa mingi mizuri hufunga soba ya siku ikiisha, hata iwe saa nane mchana.

2. Mlangoni

Angalia pazia fupi la kitambaa juu ya mlango, linaitwa noren. Likiwa limetundikwa, wamefungua. Usihangaike kusoma maandishi yake. Mengi ni ya herufi za zamani ambazo hata Wajapani wenyewe huzikodolea macho. Onyesha kwa vidole mko wangapi. Ukikalishwa meza moja na mtu usiyemjua usishangae, ni kawaida saa za mchana.

3. Kuagiza

Hakuna mhudumu atakayekuja kukuuliza kila dakika. Ukiwa tayari, sema kwa sauti, "Sumimasen!" yaani samahani. Si ukorofi.

Agiza mori au seiro, yaani soba ya baridi na mchuzi wa kuchovya. Zaru kwa kawaida ni hiyohiyo iliyonyunyiziwa vipande vya mwani mkavu. Kake ni ya moto ndani ya supu, nzuri siku ya baridi, lakini mchuzi huficha ladha ya tambi. Ukitaka kujua mpishi anajua kazi, kula ya baridi.

Majina matatu utayakuta mara nyingi kwenye vibao vya Tokyo: Yabu, Sarashina na Sunaba. Ni koo za wapishi. Sarashina wanajulikana kwa soba nyeupe inayotokana na kiini cha mbegu. Kanda Yabu Soba, iliyoanza mwaka 1880, iliungua mwaka 2013 na kufunguliwa tena mwaka uliofuata. Pale mama wa kaunta huimba oda za wateja kuelekea jikoni. Nenda hata kwa kusikiliza tu. Ila sahani zao ni ndogo, na mtu aliyezoea sinia la pilau ataagiza mbili.

Ukiwa na muda, utumie sasa. Wazee hukaa na vitafunwa kwanza, kama mayai ya kukunja au mwani wa kuchoma, wakipiga soga. Soba wanaiagiza mwishoni. Ikishafika, mazungumzo yanakatika.

4. Kula

Hapa simu iwekwe chini. Picha moja, basi.

Onja nyuzi mbili tatu bila mchuzi. Kisha onja mchuzi peke yake, tone tu, ujue ukali wake. Wa Tokyo ni mkali, kwa hiyo usizamishe tambi zote. Chota nyuzi tano au sita kutoka juu ya rundo, zinyanyue mpaka ziachane na nyingine, chovya ncha ya chini tu, kama theluthi, halafu zivute zote kwa mkupuo mmoja: fyuuuu!

Ndiyo, kwa sauti. Najua kwetu ungeshapigwa kofi la mgongo. Ila ukivuta hivyo, hewa inaingia pamoja na tambi na harufu inapanda puani kupitia kooni. Ukitafuna kimyakimya unakosa nusu ya ulicholipia. Ilinichukua miezi miwili kuthubutu. Mara ya kwanza nilipaliwa.

Wasabi, kile kiungo kikali cha kijani, usiikoroge kwenye mchuzi. Weka kidogo juu ya tambi zenyewe. Vitunguu majani tia katikati ya safari, siyo mwanzo.

Vijiti usivisimamishe ndani ya chakula, wala usimpe mwenzako chakula kutoka kijiti hadi kijiti. Vyote viwili ni vya msibani.

5. Sobayu

Tambi zikiisha usisukume kikombe. Utaletewa birika la mraba, jekundu au jeusi, lenye mdomo kwenye kona. Ndani ni sobayu, maji yaliyochemshia soba, mazito kidogo kama uji mwepesi sana. Yamimine kwenye mchuzi uliobaki, onja, ongeza mpaka ukubali, kisha unywe. Wasipoleta, sema, "Sobayu onegaishimasu," yaani sobayu, tafadhali. (Huo mdomo wa konani umewapa Wajapani jina la mtu anayedakia maneno ya wenzake: birika la mgahawa wa soba.)

Hapa ruksa kukaa kidogo.

6. Kulipa

Chukua karatasi ya bili mezani, nenda kaunta. Mori moja mgahawa mzuri ni yeni 1,000 hivi, wakati mwingine zaidi. Bakshishi hakuna, ukiiacha mezani watakukimbilia barabarani kukurudishia. Sema "Gochisōsama deshita," yaani asante kwa chakula, ukielekea mlangoni, kwa sauti ya kufika jikoni. Yule anayeosha vyombo nyuma anaisikia.