Jinsi ya kupiga picha Himalia, mwezi mdogo wa Jupita, ukiwa uani kwako

Miezi minne mikubwa ya Jupita kila mwenye darubini anaijua, unalenga tu unaikuta imejipanga. Himalia ni habari nyingine kabisa. Upana wake ni kama kilomita 150 hivi, unazunguka huko mbali kilomita milioni 11 na nusu kutoka Jupita, njia yake imeinama kama digrii 28 na wala si duara kamili, na mzunguko mmoja unachukua siku 250. Ndo maana wataalamu wanauweka kwenye kundi la miezi isiyo na mpangilio, ile inayoonekana haikuzaliwa na sayari yake bali ilinaswa.

Ung'avu wake Jupita ikiwa karibu nasi ni kati ya 14.5 na 15, na kumbuka hii namba ikipanda kitu kinazidi kufifia. Jupita yenyewe iko kama -2.7, yaani ukipiga hesabu inaushinda Himalia mara milioni 8 hivi. Kwa hiyo kuuona kwa jicho kwenye darubini ndogo sahau, ila kwa kamera inawezekana kabisa, na nikuambie mapema tu, kupiga picha ndo sehemu rahisi, kazi ipo kwenye kujua kidoti kipi kati ya mamia ndo chenyewe.

Mimi natumia darubini ya kioo ya milimita 200 f/5 (yaani urefu wa fokasi ni mara 5 ya upana, milimita 1000), kamera ya kawaida ya DSLR, na stendi ya ikweta yenye mota, ile inayofuata mzunguko wa anga. Milimita 130 nayo inatosha. Hata zile darubini janja za milimita 50 zinazojilenga zenyewe zinafika, ukizipa muda na giza la kutosha.

Hatua ya 1: pata mahali ulipo

Usitegemee apu ya simu kwa hili, nyingi hazina Himalia au zina njia yake ya kukadiria tu. Nenda tovuti ya Horizons ya NASA, ni bure. Sehemu ya kitu unachotafuta andika 506, yaani 5 ni Jupita na 06 ni mwezi wa sita (mpaka 1975 ulikuwa unaitwa Jupita VI tu, jina rasmi lilikuja baadaye sana). Weka longitudo na latitudo ya kwako, muda uruke kila dakika 30, halafu kwenye orodha ya vitu vya kuonyesha chagua namba 1, 3, 4, 9 na 12. Hapo utapata RA na Dec (longitudo na latitudo za anga), kasi, urefu kutoka upeo wa macho, ung'avu, na umbali wake kutoka Jupita.

Sasa hapa kwenye saa watu wengi wanapotea. Horizons inatoa saa ya UT, yaani saa ya dunia ya Greenwich. Saa 3 usiku ya Dar au Nairobi ni 21:00, na kwa UT ni 18:00, unatoa 3. Walioko Kigali, Bujumbura na Lubumbashi mnatoa 2. Ukichanganya saa ya huku na ya UT ukakosea masaa matatu, Himalia itakuwa imesogea kama dakika moja ya tao (digrii moja ina dakika 60 za tao, na dakika ina sekunde 60), na hapo kuna nyota nyingine kibao za kukudanganya.

Hatua ya 2: chagua usiku

Himalia haiendi mbali na Jupita zaidi ya kama digrii moja, sawa na upana wa mwezi mpevu mara mbili. Subiri uwe angalau nusu digrii, chini ya hapo mng'ao wa Jupita unameza kila kitu. Na kwa sababu mzunguko ni siku 250, ukiona leo umebanana na Jupita usiseme nitajaribu kesho, ahirisha kwa wiki kadhaa. Kipindi kizuri ni Jupita ikiwa kinyume na jua, yaani dunia iko katikati yao, mwaka huu wa 2026 ilikuwa Januari ikiwa kwenye Mapacha, inayofuata ni Februari 2027 kwenye Simba, na Simba ina nyota chache za nyuma kwa hiyo kutafuta kidoti kunakuwa afadhali. Kwa sisi wa pwani Februari ni kaskazi, mvua si tatizo sana, tatizo ni unyevu, kile kioo kidogo cha mbele kinapata umande, kifungie kipasha joto. Usiku wa mbalamwezi lala tu.

Hatua ya 3: stendi (hii ina taabu yake huku kwetu)

Mhimili wa stendi ya ikweta lazima ulenge ncha ya anga, pale anga linapozungukia. Video zote za mtandaoni zimetengenezwa na watu wa Ulaya na Marekani, wanalenga nyota ya kaskazini wamemaliza. Sisi hatuna hiyo nyota. Dar ncha ya kusini ya anga iko digrii 7 tu juu ya upeo wa macho, Nairobi ni digrii 1 na kidogo, yaani iko nyuma ya ukuta wa jirani, na stendi nyingi hata hazikubali kulala kiasi hicho, ile nondo ya uzito wa kusawazisha inagonga mguu wa stendi kabla hujafika. Dawa yake ni kuigeuza miguu nondo ipite katikati ya miguu miwili, na kama bado, inua mguu mmoja kwa tofali ili stendi nzima iiname. Kisha tumia programu ya NINA kwenye laptopu, ina njia ya kupima pointi tatu za anga na kukuambia urekebishe wapi, haihitaji kuiona ncha kabisa. Usijiue kutafuta ukamilifu, tunapiga picha za sekunde 30 mpaka 60 tu.

Hatua ya 4: itoe Jupita nje ya fremu

Kwa darubini ya milimita 1000 ya fokasi na kamera ya APS-C (ukubwa wa kihisi cha DSLR nyingi) unapata kama digrii 1.3 kwa 0.85. Weka Himalia katikati, Jupita iachwe nje. Lakini hata ikiwa nje inarusha ile miale mirefu ya msalaba inayotokana na vishikio vya kioo kidogo, na mwale mmoja ukipita juu ya Himalia umekwisha. Legeza pete, lizungushe bomba zima kama digrii 30 au 45, miale itahama. Kuzungusha kamera peke yake hakusaidii, miale inageuka pamoja na bomba.

Jambo jingine, RA na Dec za Horizons ni za J2000, yaani zimepimwa kwa anga la mwaka 2000, na stendi nyingi zinatumia za mwaka tulionao. Tofauti imeshafika karibu theluthi ya digrii. Piga picha moja ya majaribio, ipitishe kwenye programu ya ASTAP ikuambie umelenga wapi, rekebisha.

Hatua ya 5: piga

Faili ghafi (RAW), ISO 1600, sekunde 60, picha 10. Fokasi kwa kifuniko cha Bahtinov (chenye mistari ya kusaidia kufokasi) ukitumia nyota kali ya jirani, maana nyota zikivimba kidogo tu ung'avu wa 15 unapotea. Saa ya kamera uwe umeiseti sawa na ya simu. Halafu nenda kanywe chai, rudi baada ya masaa mawili, piga nyingine 10 fremu ileile.

Kwa nini masaa mawili? Kipindi hicho Himalia inasogea kwenye nyota kama sekunde 20 za tao kwa saa, sehemu kubwa ikiwa mwendo wa Jupita yenyewe. Kwa vifaa vyangu pikseli moja ni sekunde 0.9 za tao, kwa hiyo unapata pikseli 40 na ushee, huwezi kukosa kuona. Na ndo maana hatupigi picha 60 mfululizo tukazirundika (kuziunganisha ziwe moja), kidoti kingegeuka mchirizi hafifu.

Hatua ya 6: msake

Rundika kila kundi kivyake kwenye programu ya Siril, ukipanga kwa nyota. Fungua picha zote mbili, zipishanishe haraka haraka, moja, mbili, moja, mbili, ukiangalia pale namba za Horizons zilipokuambia. Nyota zinatulia, kidoti kimoja kinaruka. Mwanaastronomia Charles Perrine alilinganisha picha zilizopigwa kwenye bamba za kioo kwa njia hiyohiyo Desemba 1904 kwenye kituo cha anga cha Lick, California, kwa darubini yenye kioo cha sentimita 91, ndo akaupata.

Usishangilie bado. Ukanda huu wa anga umejaa asteroidi na zenyewe zinatembea. Pima kasi: asteroidi za kawaida kipindi hiki zinakimbia kama sekunde 30 mpaka 40 za tao kwa saa, kwa sababu ziko karibu nasi kuliko Jupita. Himalia ni ya polepole. Kasi na uelekeo vikilingana na ile safu ya namba 3 ya Horizons, na picha za zamani za anga kwenye Aladin (ramani ya anga ya mtandaoni) hazina nyota mahali hapo, huyo ndo mwenyewe. Kitakuwa kidoti tu, usitegemee sura, hata chombo cha anga cha Cassini kilipopita Desemba 2000 kikiwa kilomita milioni 4.4 kiliambulia pikseli chache.

Ukishaupata jaribu Elara, mwezi mwingine mdogo wa Jupita, namba 507 kwenye Horizons, ambao Perrine aliupata Januari 1905. Uko kama 16.5, hapo picha 10 hazitoshi, piga 60, halafu tumia ile sehemu ya Siril ya kometi na asteroidi: unabofya mahali kitu kilipo kwenye picha ya kwanza na ya mwisho, nayo inarundika kwa kufuata mwendo wake, nyota ndo zinakuwa michirizi. Na kama kidoti hukioni, weka alama kwa kutumia namba za Horizons.