Blogu ya darasa kwa laptopu moja na simu ya mwalimu

Walimu wengi wa huku kwetu Pemba wakisikia blogu ya wanafunzi wa msingi huuliza itakwendaje, wakati skuli nzima ina laptopu moja na hiyo laptopu yenyewe imefungiwa kwenye kabati la mwalimu mkuu. Inakwenda, tena vizuri tu, manake kitu kikubwa kwenye blogu ni kuwa na mtu wa kusoma, kompyuta ni ya kumfikia tu. Mtoto wa darasa la tano akiandika insha kwenye daftari msomaji wake ni mmoja, na huyo msomaji ana peni nyekundu mkononi. Mpe mtoto huyohuyo msomaji mwengine asiejua kitu kuhusu Wete wala karafuu na anaetaka kujua kweli, halafu tizama anavoandika. Kwa hiyo maelezo yangu yote nitayapanga kwa kumfata huyo msomaji, vifaa vitakuja nyuma.

Tafuta wasomaji kabla ya kufungua akaunti

Kaa chini uandike majina ya watu sita saba hivi watakaokubali kusoma na kujibu. Bora kuliko wote ni mwalimu mwenzako wa Unguja, tuseme Makunduchi au Nungwi, mwenye darasa la rika hilohilo, kwa sababu huyo anakuja na darasa zima. Halafu kuna jamaa zetu, nyumba gani hapa Pemba haina mtu Dar, Mombasa au Maskati? Shangazi aliehama zamani akisoma habari ya kijiji chake imeandikwa na mtoto atajibu tu, we muombe. Ila mwambie mapema kazi yake ni nini, hatukumweka asifu, tumemweka aulize. Komenti moja yenye swali kwa wiki inatosha kabisa.

Na mpangiane zamu, wiki hii fulani, wiki ijayo fulani. Hakuna kinachoua blogu ya watoto haraka kama kuposti halafu kimya, wiki ya kwanza watakuuliza "mwalimu wamesema nini?", ya pili watauliza wawili watatu, ya tatu hakuna anaeuliza na ushabakia na kazi ya kutaipu peke yako.

Vifaa, na umeme

Laptopu moja, simu yako, flashi, ekstensheni na pawabenki ukijaaliwa. Tangu 2010 Pemba tunapata umeme wa gridi kwa waya wa baharini kutoka Tanga, si zile zama za majenereta ya Wesha, lakini kukatika unakatika na mita ya skuli nayo uniti huisha siku usiyotaka. Chaji kila kitu siku ya kabla, usitegemee asubuhi.

Intaneti nayo usiifanye ndo nguzo ya kipindi. Nenda mara moja mahali penye mtandao mzuri, TC (kituo cha walimu) au kwa rafiki mwenye waifai, ushushe Kiwix, programu ya kusomea Wikipedia bila mtandao, pamoja na Wikipedia ya Kiswahili nzima, inaenea kwenye flashi na inasomeka bila bando hata la shilingi moja. Ipo pia Kolibri, hiyo unaitia kwenye laptopu na tableti au simu zilizo karibu zinajiunga kupitia hotspoti, watoto wanafungua mazoezi na video bila ya kutoka nje kwenye mtandao. Kama skuli yenu imepata tableti za msaada zimekaa tu kwenye maboksi (na zipo, tusidanganyane), zitieni kitu cha Kiswahili. Hapo Tanga, ng'ambo yetu tu, kulifanywa jaribio la shindano la Global Learning XPRIZE, watoto wa vijiji kama 170 walipewa tableti zenye programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, na wengi wao hawakuwahi kukaa darasani. 2019 zikatangazwa mshindi mbili, Kitkit School na onebillion, na programu za waliofika fainali zimeachwa wazi mtu achukue. Hazihusiani na blogu, lakini zinakupa kitu cha kuwashughulisha watoto wa chini wakati kundi jengine liko na wewe.

Kugawa darasa

Hapa ndo penye ufundi wa kuchanganya kusomesha kwa mdomo na kusomesha kwa vifaa. Gawa darasa makundi matatu. Moja linakaa na wewe, ubaoni au barazani, moja linakuwa kwenye kifaa, na moja linaandika au kusomeana. Ukiwa na watoto themanini usijaribu kuwazungusha wote vituo vyote vitatu kwa siku moja, utashinda unapiga makofi ya "badilisheni" mpaka kipindi kiishe, na mkondo wa mchana ushajaa uwanjani unasubiri chumba. Zungusha kwa wiki. Jumatatu kundi la kwanza liko kwenye kifaa, Jumatano la pili, Alkhamisi la tatu, basi.

Laptopu ya blogu iwe na timu yake, mie nawaita wahariri wa wiki, watoto sita, na wiki inayofuata sita wengine. Hao ndo wanaotaipu na kupiga picha, waliobaki wote wanaandika kwa kalamu. Changanya mtoto mwepesi wa kusoma na mzito, mwanamke na mwanamme, na usimpe laptopu yule anaejua tayari kwa sababu kwao ipo, manake atashika yeye mpaka Ramadhani ifike.

Kalamu kwanza

Mtoto asianze kwenye skrini. Aandike kwenye daftari, kisha amsomee mwenzake kwa sauti, na mwenzake huyo aseme pahala ambapo hakufahamu. Hapo arekebishe, ndo aende kutaipu, na kutaipu kwenyewe wawe wawili, mmoja anasoma na mmoja anagonga, kisha wabadilishane. Watagonga kwa kidole kimoja na mistari mitano itachukua kipindi kizima, usiingilie ukamtaipia, vumilia tu.

Kitu kimoja kidogo lakini kinaharibu sana, zima ukaguzi wa tahajia kwenye Word kabla hawajakaa. Usipozima, na Word yenyewe imewekwa kwa Kiingereza, karibu kila neno la Kiswahili litapigwa mstari mwekundu chini, mtoto ataona amekosea kila kitu na ataanza kufuta sentensi zilizo sawasawa. Kwenye simu vilevile, zima ule urekebishaji wa wenyewe, manake "kwao" inakuja kitu chengine kabisa na yeye hakuona. Mtoto mzito wa kuandika muache aseme kwenye simu, rikodi sauti yake, mwenzake aandike alichosikia kisha wote wawili warekebishe. Wapo watoto kwenye daftari hawatoi mistari miwili na kwa mdomo wanakupa hadithi mpaka unasahau kengele.

Waandike nini

Acha "Mimi ni mwanafunzi wa skuli ya msingi" na "Umuhimu wa elimu", nani atauliza swali hapo? Waandike wanachokijua wao na msomaji hakijui. Msimu wa karafuu ni hazina, namna ya kupanda mkarafuu na kuvuta tawi, kuchambua usiku nyumba nzima imekaa kitako, kuanika kwenye majamvi na mbio za kuanua mvua ikitaka kunyesha. Popo wa Kidike, ambao aina yao haipatikani popote duniani isipokuwa Pemba. Mchezo wa ng'ombe. Bi mmoja wa Mkoani anavosuka mkeka. Kwa wenzetu wa Jambiani na Paje mwani, mtoto wa huko anajua kufunga mbegu kwenye kamba na anajua maji yanatoka saa ngapi leo.

Sasa tizama linavofanya kazi. Mtoto anaandika kuwa karafuu zikichambuliwa karafuu zinawekwa huku na makonyo, vile vikonyo vyake, kule. Msomaji wa Maskati anauliza, hayo makonyo mnayatupa? Mtoto hajui, anakwenda kumuuliza bibi, anarudi na jibu kuwa hayatupwi, yanauzwa na yanakamuliwa mafuta. Haya, mafuta yanakamuliwaje? Hapo unaingia wewe na kipindi cha sayansi, mvuke na kupoza, darasa zima linasikiliza kwa sababu kuna mtu anasubiri jibu. Posti ya pili ya mtoto huyo itakuwa bora kuliko ya kwanza na hukumkaripia kitu. Kwangu mie faida yote ya blogu ipo hapa, kwenye ile safari ya swali kutoka, kwenda nyumbani na kurudi, mengine yote mapambo.

Na ndo maana kazi ya nyumbani isiwe ya simu. Mchana watoto wako chuoni wanasoma Kurani, jioni simu ya mama ina asilimia nne, na wapo wasio na simu nyumbani kabisa, ukiwapa kazi ya "fungua linki" ushawatenga. Kazi iwe kuuliza mtu na kuja na jibu kichwani au kwenye daftari. Mwenye simu anaweza kuleta sauti ya babu kwa WhatsApp, asienayo analeta maneno, na sote tunaandika pamoja darasani.

Wafundishe kukomenti, kwenye karatasi

Kabla ya kugusa mtandao fanyeni blogu ya ukutani wiki mbili hivi. Bandika hadithi tano ukutani, kata vipande vidogo vya karatasi, kila mtoto asome moja na abandike komenti chini yake. Raundi ya kwanza utapata "nzuri sana", "hongera", "mashaallah" themanini. Zitoe zote bila hasira, waambie mwandishi akisoma hizi atajua aongeze nini? Hajui. Kisha weka sharti, komenti ina vitu viwili, kitu kimoja ulichokiona ndani ya hadithi na swali moja ambalo hujui jibu lake. "Umesema ng'ombe alimkimbiza mjomba wako, alipanda wapi?" Hiyo ndo komenti. Na kumcheka mtu kwa makosa ya herufi marufuku, ukiona imeandikwa ibandue hapohapo mbele yao wote wajue.

Blogu yenyewe ikifunguliwa weka komenti zipite kwako kwanza ndo zionekane, hata za shangazi.

Akaunti, sheria na wazazi

Blogger, huduma ya blogu ya Google, ni bure na inatosha. Akaunti iwe yako mwalimu au ya skuli, Google hawaruhusu mtoto wa chini ya miaka 13 ajifungulie akaunti mwenyewe, na watoto wetu wa msingi wengi wako chini ya hapo. Weka blogu iwe ya faragha, unaalika wasomaji kwa imeili na wanafika mpaka 100, kwa darasa inatosha. Kuna sababu nyengine ya kuifunga, Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye blogu wawe na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zikabadilishwa 2020 na tena 2022, kwa hiyo ukitaka kuifungua kwa dunia nzima zungumza na mwalimu mkuu na afisi ya elimu ya wilaya kwanza. Usije kujiita mwenye blogu ya umma kimyakimya.

Wazazi wengi hawana imeili, au walifunguliwa na kijana wa dukani na paswedi hawaijui. Hao watumie posti kwenye grupu la WhatsApp kama PDF, na chapisha moja ubandike mlangoni. Posti ni maandishi, hayali bando, picha punguza kwanza halafu upandishe zote siku moja ya wiki pahala penye mtandao.

Waite kwenye kikao kabla ya kuanza, kamati ya skuli iwepo na sheha akipatikana, na ruhusa iwe ya maandishi. Wataogopa, na wana haki. Mzee atasema mwanangu mie nimemleta asome, hakuja kuchezea simu, muonyeshe hadithi za ukutani zile, hazihitaji maelezo marefu. Kuhusu picha mie siweki uso wa mtoto, mvulana wala msichana. Piga mikono inachambua karafuu, piga ng'ombe, piga mkeka. Jina liwe la kwanza tu au la utani alilochagua mwenyewe, hakuna jina la baba, nyumba iko wapi, wala saa anayopita njiani kwenda chuoni.

Kusahihisha

Peni nyekundu iache kwenye droo. Kaa na mtoto kabla ya kuposti mchague makosa mawili ya kurekebisha, yale yanayomzuia msomaji asifahamu, mengine yaache yapite. Wapo walimu watakaosema unaitia skuli aibu, herufi kubwa haipo hapa na mkato haupo pale. Waambie wasome ya muhula wa kwanza na ya muhula wa tatu ya mtoto huyohuyo kisha waje tuzungumze.

Mwisho wa kila muhula hifadhi posti zote kwenye flashi mbili, moja ibaki skuli, na zikichapishika zifunge kijitabu kikae pale watoto wanapochukua vitabu vya kusoma. Paswedi iandike kwenye bahasha umpe mwalimu mkuu afungie kwenye kabati lake, manake uhamisho ukija huwa haukupi wiki ya kujipanga, na mwalimu atakaekuja nyuma yako atataka kuingia.