Chetezo cha kwanza: Jumamosi sita darasani na udongo usiosubiri

Nafundisha ufinyanzi kila Jumamosi asubuhi kibarazani kwangu, Dar es Salaam, saa tatu hadi saa sita. Wanafunzi wangu wengi ni watu wa maofisini na madukani, pamoja na wastaafu wawili watatu. Huja mara moja kwa wiki, na mimi mwenyewe nilijifunza hivyohivyo. Miongozo mingi ya ufinyanzi imeandikwa kana kwamba mtu anashinda na udongo kutwa. Wewe unauacha Jumamosi mchana, unaurudia baada ya siku saba, na siku hizo zote udongo ulikuwa na shughuli zake. Wahenga waliposema udongo uwahi ungali maji walikuwa wakizungumzia malezi, ila mfinyanzi huyasikia maneno hayo kama maelekezo ya kazi.

Kwa hiyo hapa nitaeleza siku sita za katikati kuliko nitakavyoeleza saa tatu za darasani. Tutatengeneza chetezo, kile chombo cha kufukizia ubani. Nimekichagua kwa sababu ni kidogo, na hakiweki maji wala chakula, kwa hiyo hakihitaji ule upako wa kioo unaong'aa kwenye vikombe vya dukani. Tena hata kikipinda kidogo, ubani hautajali.

Vitu vya kuandaa

Usinunue seti ya vifaa. Tafuta ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko wake, kadi ya benki iliyokwisha muda, kisu butu cha mezani, spoki ya baiskeli, kijiko, na mshipi wa kuvulia wa urefu wa mkono kwa kukatia udongo. Tafuta pia kipande cha kibuyu kilichovunjika. Sijapata kifaa bora zaidi cha kulainishia tumbo la chombo. Cha mwisho ni nailoni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania mwaka 2019, basi mimi hutumia ile nailoni kubwa inayovishwa godoro jipya. Jirani akinunua godoro, wahi.

Udongo nautoa mimi. Ukijichimbia mwenyewe, ukaushe kabisa kwanza, uupondeponde, ndipo uuloweke. Udongo mkavu humeng'enyeka majini upesi, lakini ulio nusu mbichi utabaki na mabonge siku nzima. Uchuje kwa chekecheke, uuache utuame, umwage maji ya juu, kisha uutandaze juu ya gunia hadi usinate mkononi. Kuna wanaoniuliza kuhusu udongo mweupe wa Pugu. Ule ni kaolini. Ni safi, lakini peke yake hauna mnato wa kutosha, na unataka joto kubwa ambalo moto wetu wa uani haufiki.

Kujua kama udongo unafaa, sokota kamba ya unene wa kidole na uizungushie kidole chako. Ikipasuka vibaya, mnato haupo. Ikijikunja bila kupasuka, chora juu ya kipande bapa mstari wa sentimita 10 kamili, ukiweke kando. Ukija kuupima baada ya kuchoma, kila milimita iliyopungua ni asilimia moja. Udongo ninaoutumia hupungua kati ya milimita 8 na 10. Ndiyo maana kikombe ulichokiona kikubwa siku ya kwanza hukirudisha nyumbani kidogo.

Jumamosi ya kwanza: kukanda na kufinya

Changanya udongo na unga wa vigae, yaani vyombo vilivyovunjika vikatwangwa na kuchekechwa. Sehemu moja ya unga kwa tano au sita za udongo inatosha. Chetezo kitakaa na kaa la moto, na chengachenga hizo ndizo zitakazokisaidia kuvumilia joto la ghafla.

Kanda, lakini si kama chapati. Chapati unaikunja, na ukikunja udongo unafungia hewa ndani. Hapa unasukuma kwa viganja kwenda mbele, unauinua, unauzungusha robo, unasukuma tena. Fanya mara hamsini hivi. Kata katikati kwa mshipi, uangalie: kama ndani kuna vitundu, endelea.

Chukua donge la ukubwa wa chungwa, ulikalishe kiganjani, uzamishe dole gumba katikati hadi kitako kibaki unene wa sentimita moja. Sasa finya na kuzungusha, finya na kuzungusha, kuanzia chini kupanda juu. Wageni wote huanza na mdomo, kwa kuwa ndiko rahisi, na mwisho wanapata sahani. Acha mdomo uwe mnene hadi dakika za mwisho. Ukianza kupasukapasuka, ulainishe kwa kidole kilicholowa kidogo tu. Ukimwaga maji, bakuli litalegea na kukaa chini kama mtu aliyechoka.

Watu huuliza habari za gurudumu la kufinyangia siku hiyohiyo. Ninalo moja, limefunikwa. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, hufinyanga vyungu vyembamba vya mviringo pasipo gurudumu la mguu wala la umeme, na vyungu vyao husafirishwa kwa mitumbwi hadi soko la Matema. Mikono ijue kwanza unene wa udongo. Gurudumu halifundishi hilo, linakuumbua tu.

*Siku sita za kwanza.* Bakuli lazima libaki bichi, kwa sababu wiki ijayo tutaliunga na mguu. Weka kitambaa kilicholowa ndani ya ndoo, chini kabisa, juu yake tofali, juu ya tofali kipande cha mbao, ndipo bakuli. Funga mfuniko. Kitambaa kisiguse chombo hata kidogo: niliwahi kukifunika kimoja kwa kitambaa kibichi nikidhani nakihurumia, na Jumamosi nikakuta tope lenye alama za nyuzi.

Jumamosi ya pili: mguu na kuunga

Sokota kamba tatu za unene wa kidole kidogo. Zizungushe moja juu ya nyingine ziwe duara la upana wa sentimita 6 hivi, na kila moja uishushe kwa dole gumba iingie kwenye mwenzake, ndani na nje. Alama za kamba zikibaki ndani, ufa utafuata alama hizo.

Kuunga ndiko kunakowaliza wengi. Kwaruza pande zote mbili kwa spoki, ukichora mistari inayokatana. Paka uji wa udongo, mzito kama mtindi. Bandika, sukuma na kuzungusha kidogo hadi uhisi pande mbili zimeshikana, kisha pitisha kikamba chembamba kwenye kiungo na ukilainishe.

Hayo yote hayatafaa kitu kama bakuli na mguu havina ubichi mmoja. Chetezo changu cha kwanza nilikiunga vizuri kabisa, kwa mistari na uji, lakini bakuli lilikuwa limekauka kabatini wiki nzima na mguu ulikuwa umetoka mkononi muda uleule. Mguu ukapungua, bakuli likabaki lilivyo, na Jumatano kiungo kilikuwa na ufa uliozunguka kote kama pete. Mwalimu wangu alikitazama akaniambia, "Mwanangu, huwezi kuwaozesha mtu na kivuli chake." Mpaka leo sijui alimaanisha nini hasa, ila tangu siku hiyo nalinganisha ubichi kabla ya kuunga.

*Siku sita za pili.* Sasa tunataka kinyume: Jumamosi ijayo chombo kiwe kimeshika. Kushika, kwa lugha ya darasa letu, ni hali ambayo ukibonyeza kwa ukucha alama inabaki, lakini ukikiinua hakipindi. Kifunike kwa nailoni kwa kulegeza. Mdomo na kiungo hukauka kabla ya tumbo, hivyo viongezee kipande kingine cha nailoni. Kichungulie Jumatano; kama bado ni laini, kiache wazi usiku mmoja. Wakati wa masika Dar chombo kinaweza kukaa hivyo siku nne kisibadilike. Ukiwa Dodoma au Nairobi, funga nailoni mbili na usisubiri Jumatano.

Na kiepushe na upepo kuliko unavyokiepusha na jua. Upande unaopigwa na upepo hukauka na kupungua peke yake, chombo kinapinda, nawe unakuja kunilaumu mimi.

Jumamosi ya tatu: kutoboa na kusugua

Hii ndiyo siku ninayoipenda. Chombo kimeshika, kinakatika kama mhogo uliochemka nusu. Punguza kitako kwa kisu hadi unene ulingane na kuta. Toboa matundu ya hewa karibu na mdomo, na usiyakaribie makali wala kiungo. Makombo yanayobaki kwenye matundu usiyang'oe leo. Yakikauka yatapukutika yenyewe.

Kisha chukua jiwe laini la mtoni, au mgongo wa kijiko, usugue kwa miduara midogo. Kama jiwe linaacha utelezi na tope, ni mapema, subiri nusu saa. Kama linakwaruza na kutoa vumbi, umechelewa. Katikati ya hapo udongo huanza kung'aa wenyewe bila kupakwa chochote. Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, hujenga vyombo vyake kwa mkono na kuvisugua hivyo bila upako wa kioo, na vingine huvifanya vyeusi kwa kuvichoma katika moto ulionyimwa hewa. Vyombo hivyo vimo kwenye makumbusho makubwa duniani.

Jumamosi ya nne

Usikiguse. Kiko kivulini, hakina nailoni, kinakauka. Njoo ufinye bakuli jingine.

Leo pia ndiyo siku ya kusafisha, na nina ukali hapa. Vumbi la udongo mkavu huharibu mapafu, kwa hiyo hatufagii. Tunafuta kwa kitambaa kibichi. Maji ya kunawia hayamwagwi kwenye sinki. Yanatuama ndooni, ya juu yanakwenda kwenye migomba, tope linarudi kazini.

Jumamosi ya tano: moto

Weka chetezo shavuni. Kikiwa cha baridi, maji bado yanatoka, na hakiendi motoni. Mwanafunzi wangu mmoja, mzee aliyestaafu reli, aliniuliza, "Mwalimu, si wanasema mapovu ya hewa ndiyo yanayopasua?" Hapana, mzee wangu, ni maji. Yakifika nyuzi 100 yanakuwa mvuke, mvuke unataka nafasi, na nafasi anayoijua ni ya kukulipulia chombo pamoja na vya wenzako.

Tanuri letu ni la matofali, wazi juu. Tunaanza na moto mdogo wa vifuu, pembeni, kwa saa mbili, vyombo vikipata joto tu. Ndipo tunaongeza makumbi na kuni, taratibu. Karibu na nyuzi 573 chenga za mchanga zilizomo udongoni hutanuka ghafla, na wakati wa kupoa hunywea ghafla vilevile, hivyo hapo hatuharakishi kwenda wala kurudi. Vyombo vikishika wekundu wa cheri tuko kwenye 800 hivi, nasi tunaacha. Mng'ao wa kusugua hufifia joto likizidi sana, kwa hiyo usitamani zaidi.

Waambie majirani kabla, waanue nguo. Hili nalisema kwa uzoefu.

Tunafunika kwa mabati na kwenda nyumbani. Anayefunua jioni kwa hamu husikia sauti ndogo, *tin*, na hiyo ni ya chombo chake.

Jumamosi ya sita

Fukua majivu, futa kwa kitambaa kikavu. Gonga kwa ukucha: kinacholia kama kengele ni kizima, kinacholia kama ubao kina ufa. Vyenye ufa usivitupe. Mfinyanzi hulia gaeni, na kwangu gae hutwangwa na kurudi kwenye udongo wa darasa linalofuata.

Kile kizima kijaze majivu hadi robo, ndipo uweke kaa, dogo, moja tu kwa mara ya kwanza. Usiweke ubani bado. Dakika chache za mwanzo kitatoa harufu ya mvua iliyogusa vumbi. Iache iishe, kisha udondoshe chembe mbili.