Jinsi ya kupata wenzako wa kutembea kwa miguu kutoka Mombasa hadi Malindi

Kutoka Mombasa hadi Malindi kwa barabara ni kilomita 120 hivi. Ukitembea alfajiri na jioni na kujificha jua la mchana, zigawe kwa siku sita. Njia yenyewe si ngumu: mikono ya bahari ya Mtwapa na Kilifi ina madaraja, maduka hayako mbali, na lami huwa karibu ukihitaji matatu. Kinachovunja safari hii ni watu. Walioanza Nyali wakicheka hufika Kilifi hawasemezani. Kwa hivyo, kabla ya viatu, tafuta watu.

Hatua ya kwanza: andika safari kabla ya kualika mtu. Ukisema tu "twende tukatembee kiangazi", kila mtu ataitikia na hakuna atakayekuja. Andika tarehe, kituo cha kila usiku, na gharama. Kiangazi chetu ni kuanzia Januari hadi Machi, kaskazi ikivuma, kabla masika hayajaingia. Miaka hii Ramadhani nayo inaangukia humo humo, basi panga kabla ya mwezi kuandama au baada ya Idi.

Kisha tazama maji. Sehemu za ufuoni hupitika yakipwa tu. Hupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Mimi hupenda kuanza siku tatu hivi kabla ya mwezi mpevu: maji yanapwa asubuhi, na jioni mbalamwezi inatumulikia. Hata hivyo hakikisha kwa jedwali la maji la bandari ya Kilindini, Mombasa, na waulize wavuvi wa kila mahali unapofika.

Hatua ya pili: tafuta pale watu wanapotembea tayari. Nenda bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari Mombasa, asubuhi na mapema, au ufuo wa Nyali na Bamburi. Utawaona wale wale kila siku. Hao miguu yao imezoea. Pita pia barazani Mji wa Kale baada ya swala ya alasiri, useme shida yako wazi. Wazee huenda wasitembee nawe, lakini watakutajia kijana wa fulani aliyetulia, na mtu aliyetajwa na mzee hujichunga njiani.

Usimfuate rafiki yako wa karibu kwa sababu ni rafiki tu. Mwenye mwendo kama wako, hata kama mmejuana juzi, atakufaa zaidi.

Hatua ya tatu: uliza maswali, ana kwa ana, mahali penye watu. Unaamka saa ngapi? Una maradhi gani, na dawa unabeba? Nani nyumbani tumpigie likitokea jambo? Lakini swali ninalolithamini kuliko yote ni hili: ukichoka, husema au hunyamaza? Anayesema mapema "jamani, kiatu kinanichuna" huokoa safari, kwa sababu lengelenge hutibika likiwa dogo. Anayenyamaza kwa kiburi atawasimamisha wote siku ya tatu, mahali pasipo kivuli.

Kina dada wakiwemo, wasipungue wawili, na ikiwa bado wako kwa wazazi, nenda mwenyewe ukabishe hodi na umweleze mama safari nzima.

Hatua ya nne: wajaribuni kwa miguu. Hii msiiruke kabisa. Kutaneni Fort Jesus saa kumi na moja alfajiri, mvuke daraja la Nyali, mfululize hadi Mtwapa, kila mtu na mzigo wake kamili. Ni zaidi ya kilomita 15, na inatosha kumjua mtu. Tazama nani anageuka nyuma kuangalia wa mwisho. Tazama nani amemaliza maji yake Bamburi na anaomba ya wenzake. Mkifika, kaeni mnywe madafu, kisha muulizane kama bado mnatakana. Anayejitoa hapo amewafanyia hisani, mshukuruni.

Hatua ya tano: changeni. Mmoja awe mweka hazina, mchango upitie M-Pesa wiki mbili kabla. Siku ikipita, nafasi mpe mwengine.

Kundi zuri ni la watu wanne hadi sita. Wakiwa wanne, mmoja akiumia, mwenzake hubaki naye na wawili huenda kutafuta msaada. Wakizidi sita, hata kupata pa kulala pamoja ni kazi.

Hatua ya mwisho: kubalianeni jinsi ya kuachana. Semeni mapema kwamba yeyote anaweza kupanda matatu akarudi, bila kulaumiwa, ila asiondoke bila kuaga na asindikizwe na angalau mtu mmoja hadi stendi. Mwendo ni wa aliye polepole zaidi, naye atembee mbele. Majina yote, nambari za simu na vituo vya kulala mwachieni mtu mmoja Mombasa, na kila magharibi mtumieni ujumbe mmefika wapi.