Wali mweupe Japani: weka chini hiyo sosi ya soya kwanza

Sisi tumezoea wali una chumvi, una nazi, na mchuzi unamwagiwa juu, sasa ukiletewa bakuli la gohan huko Japani, wali mtupu hauna hata chumvi, mkono unaenda wenyewe kwenye sosi ya soya. Subiri. Hakuna atakayekufukuza, ila watu watakushangaa, maana huo wali wanauhesabu una ladha yake, na ukiulowesha unakuwa hata haushikiki kwa vijiti.

Cha kufanya ni hivi: bakuli la wali liko kushoto, supu ya miso (uji mzito wa soya iliyochachushwa) kulia, bakuli la wali linyanyue kwa mkono wa kushoto, kula samaki au mboga kidogo halafu fuatisha na wali, chumvi ya kitoweo ndo inaunga wali mdomoni. Bado unaona umepooza? Chukua umeboshi (tunda la ume lililowekwa chumvi, chachu balaa hiyo, anza na kipande kidogo), achari za tsukemono, au nyunyiza furikake, ule mchanganyiko wa ufuta, mwani na samaki mkavu, hiyo imetengenezwa kwa kazi hiyohiyo.

Kuna mahali soya inaruhusiwa kabisa: tamago kake gohan, yai bichi juu ya wali wa moto na matone machache ya soya. Kwenye sushi ya kushika, yaani tonge la wali lenye kipande cha samaki juu, chovya kwenye soya upande wa samaki, sio wali.

Na vijiti usivichomeke wima kwenye wali jamani, hivyo wanafanya kwa marehemu.