Kuzungukia viwanja vya ligi ndogo za besiboli Marekani: anza na kalenda

Safari nyingi za aina hii huharibikia kwenye kalenda, mtu akiwa bado hajatoka nyumbani. Klabu 120 za ligi ndogo, ambazo hulea wachezaji wa ligi kuu, nne kwa kila klabu ya ligi kuu, zimegawanywa katika ngazi, kutoka juu kwenda chini, za Triple-A, Double-A, High-A na Single-A. Tangu 2021 ratiba yao ina utaratibu mmoja: timu mbili hukutana kwenye uwanja uleule mara sita, Jumanne hadi Jumapili, na Jumatatu kwa kawaida ni ya mapumziko. Timu ikiwa ugenini, uwanja wake hukaa wiki nzima bila mechi. Kwa hiyo usikate tiketi ya ndege kabla hujaiona ratiba.

Chukua timu tatu au nne zilizo jirani, tia alama wiki ambazo kila moja iko nyumbani, kisha tafuta wiki zinazokutana. Jimbo la North Carolina linafaa sana kwa mwanzo. Durham ni Triple-A. Greensboro na Winston-Salem ni High-A, na barabara kuu ya I-40 inaziunganisha zote. Treni ya Amtrak inasimama Durham na Greensboro, na kutoka stesheni unaweza kufika uwanjani kwa miguu. Winston-Salem treni haifiki, hivyo panga gari. Jumatatu iache kwa ajili ya mwendo mrefu.

Uwanja unaoutamani kuliko vyote uweke mapema katika wiki, kwa sababu ya mvua. Mechi ya Jumanne ikiahirishwa, mara nyingi hulipwa siku inayofuata kwa mechi mbili za awamu saba badala ya tisa (awamu moja ni zamu ya kila timu kupiga). Ya Jumapili ikinyeshewa, timu ngeni kesho yake inaondoka. Tena tiketi ya mechi iliyovunjika kwa kawaida hubadilishwa kwa mechi nyingine ya msimu huo, pesa hairudi. Mkazi wa pale atakwenda siku nyingine, wewe utakuwa mbali. Mfano wa uwanja wa kutamani uko Daytona Beach, Florida: ulifunguliwa 1914 na leo unaitwa kwa jina la Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyevunja ubaguzi wa rangi katika ligi kuu. Hapo ndipo alipoichezea Montreal Royals, timu ya ligi ndogo ya Brooklyn Dodgers, dhidi ya Dodgers wenyewe tarehe 17 Machi 1946, katika mechi ya maandalizi, wakati miji mingine ya jimbo hilo ilikataa mchezaji mweusi kuingia uwanjani. Ni mahali pa kwenda kwa heshima. Lakini kiangazi Florida hunyesha karibu kila alasiri, basi jipe siku mbili pale, si moja.

Kuhusu kiti, angalia jua kabla ya bei. Viwanja vingi hujengwa mpigaji akielekea mashariki, kaskazini kidogo, ili jua la jioni lisimpige machoni. Matokeo yake jua huzama nyuma ya jukwaa la besi ya tatu, yaani la kushoto ukitazama uwanja kutoka nyuma ya mpigaji, na kivuli huanzia huko. Anayekaa upande wa besi ya kwanza, yaani kulia, katika mechi ya saa moja jioni mwezi Julai huenda akapigwa na jua usoni kwa awamu kadhaa za mwanzo. Si viwanja vyote vimeelekea hivyo, kwa hiyo hakikisha kwenye picha ya setilaiti. Kuna viwanja vyenye mteremko wa nyasi nyuma ya uzio wa nje. Ni wa bei nafuu, ila kutoka huko huwezi kuona mrusho unavyopinda.

Begi linaweza kukurudisha getini. Viwanja vingi hutaka begi linaloonyesha vilivyomo, lisilozidi inchi 12 kwa 12 kwa 6, na vingine havipokei noti kabisa, kadi tu. Soma masharti ya kila uwanja, maana yanatofautiana.

Fika mageti yanapofunguliwa, mara nyingi saa moja kabla ya mechi, ukitaka saini. Simama kwenye uzio pale benchi la wachezaji linapoishia, upande wa uwanja wa nje, na umwite mchezaji kwa jina. Mpira usainiwe kwa kalamu ya kawaida ya wino wa bluu. Wino wa maka (kalamu nene) husambaa kwenye ngozi baada ya muda. Maka ni ya kadi za picha za wachezaji.

Asubuhi ya mechi soma habari za timu. Nyota wa ligi kuu anayetoka kwenye jeraha anaweza kutumwa huku kujipima, hadi siku 20, au 30 akiwa mrushaji, na tiketi huisha haraka habari ikitoka.

Wavu hulinda nyuma ya mpigaji na kando ya mabenchi. Ukikaa nje ya wavu, weka simu mfukoni kila mrushaji anapojiandaa: mpira uliopigwa ukaenda pembeni hukufikia kabla hujainua kichwa, na mtoto mdogo akae sehemu yenye wavu tu.